Uzi Mgongoni mwa Sulisuli



Juma hili nilikusudia kuandika juu ya matayarisho ya mitihani ya madrasa, na kalamu nilikwisha ishika. Baada ya sala ya Alasiri akanijia mama mmoja wa hapa Chara, miongoni mwa wale mama karanga tunaowategemea kwa kitoweo cha jioni, mkononi amebeba gilasi ya chai iliyofunikwa kwa kisahani. Hakuketi. Aliisukuma gilasi mbele yangu juu ya mkeka, kisha akarudi nyuma hatua mbili, kama mtu aliyeweka nge.

"Maalim," akasema, "nitazamie. Watu wanasema ni hirizi."

Ndani ya gilasi mlikuwamo kijiuzi cha plastiki, urefu wake haufiki shubiri, unene wake kama wa tambi. Ncha yake moja ilikuwa na kidude kigumu mfano wa kichwa cha mshale, chenye vikulabu vya kung'ang'ania nyama. Ubavuni mwa uzi palichapwa herufi na tarakimu, nusu yake zimefutwa na chumvi, nusu zimefunikwa na ukoga wa kijani.

Mama akanihadithia. Asubuhi ya siku iliyotangulia alinunua kipande cha mgongo wa sulisuli kwa wavuvi wa Kipini, kwa fedha za mkopo wa chama chake. Alipokuwa akikata, kisu kikagota kitu karibu na pezi la mgongoni. Akakivuta, ukatoka huo uzi. Mtoto wa jirani akapiga kelele, watu wakakusanyika, na kabla ya Magharibi mji mzima ulikwisha jua kwamba kuna mtu aliyefungiwa bahati yake katika samaki, na samaki akaachiliwa baharini aende nayo. Kwani hirizi si huandikwa tarakimu? Jioni ile hapana aliyenunua hata kipande kimoja. Samaki ikabidi atiwe chumvi awe ng'onda, na siku ya marejesho ya chama iko palepale haikusogea.

Mitihani nimeiweka kando kwa ajili hiyo. Watoto watanisamehe, na wengine najua watashukuru.

Uzi ule si hirizi. Ni alama ya watu wanaochunguza nyendo za samaki. Mtu humvua samaki akiwa hai, humchoma uzi wenye namba pembeni mwa pezi la mgongo, huandika daftarini siku, mahali na urefu wa samaki, kisha humrudisha majini. Akija mvuvi mwingine akamkamata samaki yule yule, baada ya mwezi au baada ya miaka, na akapeleka ile namba kwa wenyewe, basi hujulikana samaki alitoka wapi, amefika wapi, na ameongezeka urefu kiasi gani. Kazi hii si ngeni pwani yetu. Huko Watamu iko African Billfish Foundation, iliyoanza mwaka 1990, na kwa miaka yote hiyo mabaharia wa mashua za mishipi wamekuwa wakiwatia alama sulisuli na nduaro na kuwaachilia. Maelfu ya samaki wametiwa nyuzi kama ule. Wanaorudi na habari ni wachache mno kwa kulinganisha, na sababu mojawapo ndiyo hiyo iliyokuwa ndani ya gilasi: uzi hufika kwenye ubao wa kukatia samaki, na hadithi yake ikaishia hapo.

Alipokwisha kufahamu hayo, mama akauliza swali la pili, nalo lilinifurahisha kuliko la kwanza. "Basi, Maalim, ikiwa si hirizi, ni mali ya nani? Samaki nimemnunua mimi."

Mafakihi wetu wa kale walikwisha lijibu swali hilo kabla plastiki haijazaliwa. Walijadili habari ya lulu inayopatikana ndani ya tumbo la samaki. Wakasema: itazamwe. Ikiwa lulu haijatobolewa, basi ni riziki iliyotoka baharini, na hukumu yake ni ya kitu ambacho hakikuwa na mwenyewe. Lakini ikiwa imetobolewa, ni dalili kwamba iliwahi kupita mikononi mwa binadamu, ikavaliwa, ikaanguka. Basi hiyo ni mali iliyopotea, na aliyeiokota hana budi kuitangaza. Tundu dogo la sindano ndilo linalobadili hukumu. Sasa uzi wenye namba na anwani, je, si zaidi ya lulu iliyotobolewa? Mwenyewe ameandika jina lake juu yake. Nyama ya samaki ni halali ya mama yangu yule, hapana wa kumhoji. Uzi ni amana mkononi mwake mpaka umfikie mwenyewe. Wala amana hiyo haina mzigo, kwa kuwa mara nyingi mwenyewe hautaki hata uzi wenyewe. Anataka namba, siku na mahali.

Najua wako watakaouliza kama yafaa kumchoma kiumbe hai kwa ajili ya elimu tu. Katika Hadithi sahihi imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza vikali kumtia mnyama alama ya moto usoni. Na imepokewa vilevile kwamba Anas alimwona yeye mwenyewe akiwatia alama ngamia wa sadaka, ili wasichanganyike na wengine. Alama ina nafasi yake, na maumivu yana mpaka wake. Watafiti nao wamejiwekea kipimo ambacho wengi wao hukifuata, kwamba uzito wa kifaa usizidi asilimia 2 ya uzito wa samaki. Mimi naona hapo pana uangalifu. Atakayemtia kidagaa mzigo wa jahazi, huyo tutamhoji.

Lakini uzi una upungufu mkubwa: una ncha mbili tu. Hueleza samaki alipoachiliwa na alipokamatwa, na katikati ni kimya. Ni kama mtoto aliyeaga Garsen Jumatatu akaonekana Mombasa Ijumaa. Mama yake hatatosheka kwa kuambiwa kuwa amefika. Atataka kujua alilala wapi.

Kwa ajili hiyo vikabuniwa vifaa vinavyovaliwa na samaki kama saa ya mkononi. Kwanza fahamuni kwa nini jambo lenyewe ni gumu. Simu zetu hujua mahali zilipo kwa mawimbi ya redio yatokayo kwenye setilaiti, na mawimbi hayo hayapenyi maji ya chumvi ila kidogo sana. Samaki akizama tu, setilaiti imempoteza. Kasa, ambaye hupanda juu kuvuta pumzi, anaweza kufungwa antena juu ya gamba lake na akatuma habari kila atokezapo. Sulisuli hana haja ya kuvuta hewa. Basi mafundi wakatengeneza kifaa kisichosema neno kikiwa chini ya maji. Huning'inia ubavuni mwa samaki, kikipima na kuandika kina cha maji, joto na mwanga, siku baada ya siku. Siku iliyopangwa ikifika, kifungo chake hujiachia, kifaa huelea mpaka juu, na hapo ndipo hutuma kwa setilaiti yale yote kiliyoyaandika, samaki mwenyewe akiwa amekwisha kwenda zake.

Mtauliza: kama setilaiti haikumwona, kimejuaje alikopita? Hapa, enyi wanafunzi wangu wa zamani, mkumbuke darsa la nyakati za sala. Kifaa kina saa, na kina jicho la kupima mwanga. Huandika mwanga ulianza lini na giza liliingia lini. Katikati ya nyakati hizo mbili ndiyo Adhuhuri ya mahali samaki alipokuwa siku ile. Sisi tunajua kwamba Adhuhuri ya Kipini huitangulia ya Nairobi kwa yapata robo saa, kwa kuwa jua huwapitia kwanza walio mashariki, na kila digrii moja ya longitudo ni dakika nne. Basi aijuaye saa ya Adhuhuri ya samaki amejua samaki yuko umbali gani mashariki au magharibi. Hesabu ni ile ile ya kalenda ya sala iliyotundikwa ukutani mwenu, isipokuwa imegeuzwa: kalenda huanza na mahali ikapata wakati, na kifaa huanza na wakati kikapata mahali.

Upande wa kaskazini na kusini hutazamwa urefu wa mchana. Na hapo, kwetu sisi, kifaa hubabaika. Jamaa zetu walioko Uingereza hufunga Ramadhani ya kiangazi kwa saa nyingi na ya baridi kwa saa chache. Sisi tulio digrii mbili na nusu hivi kusini ya ikweta, futari yetu haihami sana mwaka mzima. Mchana wa Kipini na mchana wa Mombasa hulingana karibu sawasawa, na kifaa hakiwezi kuutofautisha huu na ule kwa urahisi. Watafiti hulazimika kusaidiwa na joto la maji na kina cha bahari ili kukisia. Nimelitaja hili kwa sababu nimechoshwa na watu wanaodhani chombo kikiwa na betri basi hakikosei.

Njia ya tatu ni ya sauti. Maji yanayokataa redio huipokea sauti kwa ukarimu: ndani yake sauti huenda yapata mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Samaki hutiwa kifaa kidogo, pengine nje ya mwili na pengine ndani ya tumbo kisha akashonwa, nacho hutoa mlio wenye namba yake peke yake. Aina iliyoenea hulia kwa mtetemo wa 69,000 kwa sekunde, hali sikio la binadamu halivuki 20,000, kwa hiyo mzamiaji akiwa kando yake hasikii kitu. Chini baharini hutiwa nanga vipokezi vya kusikiliza. Samaki akipita karibu, mita mia chache, kipokezi huandika: namba fulani imepita saa fulani. Baada ya miezi watu huzama, hukitoa na kukisoma, kama mwenye duka anayefungua daftari la madeni. Kina mama, hivi vya tumboni ndivyo vitakavyowakuta ninyi, kwa kuwa mvuvi huuza samaki mzima, na anayempasua ni ninyi.

Kufuata njia ya samaki si jambo geni katika darsa zetu. Kisa cha Nabii Musa na kijana wake mnakijua: aliambiwa kuwa atakapompoteza samaki ndipo atakapomkuta yule anayemtafuta, na samaki akaishika njia yake baharini huku kijana akisahau kusema. Wakapita mbele, ikawabidi warudi nyuma wakifuata nyayo zao wenyewe. Kila nisomeshapo sura ile watoto hucheka kwa huyo kijana aliyesahau. Mwaka huu nitawaonyesha gilasi.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya nisilale mapema usiku ule.

Katika kisiwa cha Mafia, kusini ya Dar es Salaam, yuko samaki ambaye wenyeji humwita potwe, na sisi wa huku twamwita papa shillingi. Ndiye mkubwa wa samaki wote duniani. Wako waliopimwa wakafikia mita 18 hivi. Juu ya ukubwa huo hana madhara, maana chakula chake ni vidudu vidogo vya baharini, uduvi na dagaa, ambavyo huvichuja kwa mashavu. Bibi zetu walisimulia kwamba madoa meupe ya mgongoni mwake ni shilingi walizomtupia malaika kwa kuufurahia uzuri wa umbo lake. Hiyo ni hadithi ya kulalia, si itikadi, na mtoto akiuliza aambiwe hivyo. Hata hivyo madoa hayo yana ajabu yao ya kweli: hapana papa wawili wanaolingana kwa mpangilio wake, na tangu mwaka 2005 watafiti huwatambua kwa picha, wakitumia hesabu ambayo awali wanajimu waliitunga kwa ajili ya kulinganisha picha za nyota.

Huko Mafia potwe huonekana katika msimu wa kaskazi, baina ya Oktoba na Februari hasa, karibu na ufuko wa Kilindoni, nao wavuvi wa dagaa huwategemea kwa kuwa alipo yeye dagaa wapo. Kisha hutoweka. Miezi inakwenda, hapana anayemwona hata mmoja. Ikasemwa, na ni maneno ya akili, kwamba wamehama, wamekwenda bahari nyingine, watarudi. Basi watafiti wakawatia vifaa vya sauti, wakatia nanga vipokezi kuzunguka eneo lile, wakalinganisha miaka miwili ya kuona kwa macho na miaka miwili ya kusikia kwa vifaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la Biology Letters, mwandishi wa mbele akiwa Fernando Cagua. Macho yalisema: msimu wa kusi hapana potwe. Vipokezi vilisema: wapo. Wale wale, kwa namba zao, mwaka mzima. Walikuwa wamesogea mbali zaidi na ufuko na kuogelea chini zaidi, yaelekea wakifuata chakula, na kwa hiyo macho ya juu ya maji hayakuwafikia.

Fikirini maana yake kwa mtu mwenye amri ya kuwalinda. Akiweka walinzi miezi ya kaskazi tu na kuwaondoa msimu ukiisha, amelinda macho yake, hakumlinda samaki. Nyavu za miezi mingine zingemkuta potwe yuko palepale, hana mlinzi, hali vitabuni imeandikwa amesafiri.

Nikarudi kwetu. Katika Ghuba ya Ungwana na kwenye mdomo wa Tana kuna neno moja ninalolisikia barazani kila mwaka. Wavu ukirudi mtupu, mvuvi husema: samaki wamehama. Ukimwuliza mwingine, husema: samaki wamekwisha. Wavu ni ule ule na utupu ni ule ule, lakini nyumba haiwezi kuendeshwa kwa majibu mawili. Ikiwa wamehama, mke atakopa unga wiki mbili na kungoja, mume atatengeneza nyavu, na watoto watabaki skuli. Ikiwa wamekwisha, kukopa ni kujichimbia shimo, na lililo jema ni kupunguza nyavu na kutafuta kazi nyingine mapema. Familia ngapi nimezipatanisha ambazo ugomvi wao, ukiuchimba mpaka chini, ulikuwa juu ya maneno haya mawili! Mume amesema wamehama, mke ameona wamekwisha, na hapana kati yao aliyekuwa na dalili.

Ubishi huo hauko nyumbani peke yake. Meli za kukokota kamba zilisimamishwa katika ghuba mwaka 2006 baada ya malalamiko mengi ya wavuvi wadogo, zikaruhusiwa tena mwaka 2011 kwa masharti ya umbali na ya msimu. Masharti ya namna hiyo yote yamesimama juu ya swali moja: samaki na kamba huwa wapi, na lini? Anayekaa mezani na habari za miaka mitatu ya nyendo za samaki husikilizwa. Anayekaa na neno "sisi tunajua" hupewa chai.

Wavuvi wana hofu, na hofu yao naiheshimu. Mmoja aliniambia wazi: "Maalim, ukipeleka hiyo namba, kesho watakuja kuifunga bahari." Sikumwambia kuwa hilo haliwezekani. Elimu ya njia za samaki ni upanga. Aweza kuushika anayetaka kuvua zaidi, aweza kuushika anayetaka kufunga, na aweza kuushika mvuvi mwenyewe. Katika Suratul-Aaraf tumesimuliwa habari ya watu wa mji wa kando ya bahari ambao samaki wao waliwajia wazi siku waliyokatazwa kuvua na wakawakosa siku nyingine. Walijua vizuri kabisa siku za samaki, na kujua kwao ndiko kulikowatia mtihanini. Lakini nilimwuliza yule ndugu: je, usipoipeleka wewe, bahari haitafungwa? Itafungwa vilevile watakapotaka, isipokuwa kwa habari za kwingine, za Mafia au za Watamu, kana kwamba samaki wa Tana ni lazima wafanye kama wao. Ushauri wangu kwake, nao ni ushauri tu, ni kwamba habari zipelekwe kwa mkono wa BMU, ziandikwe katika daftari la BMU kabla hazijatoka, na anayezipokea adaiwe jawabu. Mtu aliyekupa namba mia ana haki ya kuuliza mia hizo zimesema nini.

Na mto je? Yuko samaki mmoja ambaye natamani siku moja avishwe kifaa hapa hapa: mkunga wa mtoni. Watoto humkimbia wakidhani ni nyoka. Ni samaki, tena halali bila ya shaka. Mikunga wa mito yetu huzaliwa baharini, huingia mtoni wakiwa wadogo na wenye mwili unaopenya mwanga kama kioo, hupanda juu, hukaa miaka mingi katika maji matamu, kisha uzeeni hushuka kurudi baharini kuzaa mara moja na kufa. Wale wa Ulaya, watafiti waliwafunga vifaa vya setilaiti katika visiwa vya Azores, na mwaka 2022 wakatangaza kuwa baadhi yao wamefuatwa mpaka Bahari ya Sargasso, mahali ambapo watu walikuwa wakipakisia kwa karne nzima pasipo kumfikisha mkunga hata mmoja kwa dalili. Wa upande wetu hukisiwa huzalia mashariki ya Madagaska. Baina ya huko na maji ya juu ya Tana kuna bahari nzima, kisha mto mzima, kisha kuta za mabwawa tangu Kindaruma ya mwaka 1968 hadi Masinga ya 1981. Wazee wa hapa husema mikunga wamepungua. Wamehama, au wamekwisha? Mnaona, swali ni lile lile.

Basi mkikuta kitu mgongoni au tumboni mwa samaki, uzi, kidude mfano wa kalamu au kibomba chenye antena, msikitupe na msikitie motoni, maana baadhi ya vifaa hivyo vina betri iwezayo kupasuka. Wala watoto wasipewe wachezee. Andikeni siku, na mumwulize mvuvi alimkamata wapi, hata kama atasema tu "nje ya Kipini, maji ya pima kumi." Samaki akiwa bado mzima apimwe, sulisuli na nduaro hupimwa kuanzia ncha ya taya la chini mpaka kwenye panda ya mkia, si kuanzia ule mdomo mrefu, ambao huvunjika. Pigeni picha ya namba. Kisha ipelekwe kwa BMU, kwa ofisa wa uvuvi, au kwa taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari, KMFRI, iliyoko Mombasa. Baadhi ya wenye alama hutoa zawadi ndogo kama kofia au fulana. Msiitarajie, na ikija msikatae.

Picha ya namba ya sulisuli wetu ilipigwa na mtoto wa mama yule kwa simu, tarakimu tatu za mwisho zikisomeka vizuri na moja ya mwanzo tukibishana kama ni 3 au 8. Tumepeleka zote mbili. Jawabu bado.

Ama ng'onda, Ijumaa baada ya sala nilitoka na sahani, nikanunua vipande vinne vya mgongo ule ule, nikavila barazani kwa muhogo, polepole, watu wakitazama. Kwa kweli chumvi ilikuwa nyingi kidogo. Kufikia Magharibi beseni lake lilikuwa tupu, naye alinijia mlangoni, si kunishukuru, bali kuniuliza gilasi yake iko wapi, kwa kuwa ni ya seti ya sita na Jumapili ana wageni. Nimeiosha mara mbili, na namngojea aje aichukue.